Kwetu ni Igogo

Nikiwa nimepiga magoti chini ya sinki la mtu, spana mkononi, mwenye nyumba kasimama mlangoni, haipiti muda kabla hajaniuliza: "Fundi, kwenu wapi?" Namjibu, Igogo, hapa hapa Mwanza. "Igogo ndiko unakokaa. Nauliza kwenu." Narudia: Igogo, kule juu kwenye mawe, nimezaliwa huko. "Hapana bwana, kwenu kabisa. Wazee wako wametokea wapi?" Nikisema baba alitoka Ukerewe na mama ni Msukuma wa Magu, uso unamfunguka. "Ahaa, kumbe Mkerewe!" Hapo ndipo anaona nimemjibu.

Mimi naamini nilishamjibu tangu mwanzo, na nimeamua kuliandika jambo hili kwa sababu naliona linatuumiza, sisi watu wa Mwanza, kuliko tunavyodhani. Ukijumlisha wilaya za Nyamagana na Ilemela, sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya milioni 1.1. Sensa ya 2012 ilikuwa imetuhesabu laki saba na kidogo. Katika watu wote hao, pita nyumba kwa nyumba uone ni wangapi watakaokubali kwamba wako kwao. Wengi watakwambia wamekuja kutafuta. Mtu ana mjukuu aliyezaliwa hospitali ya Bugando, na bado amekuja kutafuta.

Kazi yangu inanifanya nisikie mengi. Huwezi kuziba bomba la bafuni kwa mtu bila kuona anavyoishi, na watu wakikuona umeinama unahangaika na nati, maneno yanawatoka wenyewe. Kuna mzee mmoja Mkuyuni, mstaafu, amepanga chumba na sebule tangu mimi nikiwa kijana wa kubebeshwa mkoba wa spana. Bomba la uani pale ni chuma cha zamani, kutu imeshalimaliza. Kila nikienda namwambia achangishane na wapangaji wenzake na mwenye nyumba, tubadilishe kipande chote, maana leo naziba hapa, mwezi ujao linatoboka pembeni. Jibu lake halibadiliki: "Baba, wewe funga mpira tu. Mimi hapa napita." Siku moja akanionyesha kwenye simu nyumba yake ya Misungwi. Bati la bluu, madirisha ya aluminiamu, vigae mpaka barazani. Nikamuuliza nani anakaa. Kuna kijana analinda, akasema, analala chumba cha nje. Nyumba kubwa imefungwa. Alikuwa na furaha ya kweli akinipitisha picha moja baada ya nyingine, huku mke wake akisubiri nimalize ili akinge maji kwenye lile bomba lililofungwa mpira.

Kijana wa bodaboda anayenibebea vifaa, wa Kwimba huyu, yeye analalamika kutwa. Mjini kila kitu pesa, hata choo unalipia, kijijini hulali njaa. Nikamuuliza sasa mbona hurudi? Akanyamaza mpaka tukavuka taa za barabarani, halafu akasema huku angalau hajui kesho itamletea abiria gani. Jioni biashara ikiwa mbaya anaegesha pikipiki Kamanga, kwenye kivuko, anaangalia watu wanaoshuka kutoka Sengerema na jua linavyozama upande wa jiwe la Bismarck. Hakuna abiria muda huo, anasema, lakini anakaa tu. Sijasikia mtu akiusifia mji kwa ukweli kuliko hivyo.

Na kuna mwalimu mmoja alihama Mabatini akaenda Kiseke, kwenye viwanja vilivyopimwa. Ana ukuta, ana geti, ana simtanki juu ya mnara wake, kila alichokuwa anakiomba. Nilikwenda kumfungia pampu. Tukiwa tunasubiri tangi lijae akaniambia kwamba Mabatini alikuwa akikohoa usiku, asubuhi majirani wanamuuliza amelalaje. Kiseke hajui hata sura ya mtu wa geti la pili. "Fundi, huku nikianguka bafuni nitaokotwa na harufu." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya vitunguu, na mimi nikaendelea kukaza yunioni kwa sababu sikujua la kusema.

Sasa njoo Igogo. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kenyatta kuelekea Mkuyuni, ziwa liko kulia kwako, na kushoto ukiinua macho utaona nyumba zimepanda mlima mpaka kileleni, moja juu ya bega la nyingine, katikati yake mawe makubwa kuliko nyumba zenyewe. Wageni wanapiga picha. Sisi tunapanda na ndoo.

Chini ya mlima, karibu na njia ya gari, utakuta mita za maji zimesongamana mahali pamoja. Kila mita inatoa bomba lake jeusi la plastiki, la nusu inchi au robo tatu, na mabomba yote yanapanda kwa pamoja. Huwezi kuyafukia kwa sababu chini ni jiwe tupu. Yanapita juu ya miamba, yanapenya kwenye nyufa, yanakatiza barazani kwa watu, yanapita juu ya mifereji. Saa saba mchana ukifungua koki, maji ya kwanza yanaunguza mkono. Watoto wanayakanyaga, mbuzi wanayakwaruza, jiwe dogo likidondoka linayapasua. Na likipasuka moja katikati ya thelathini, ni la nani? Ndiyo maana utaona kila baada ya hatua kadhaa watu wamefunga alama: kipande cha kanga, waya mwekundu, rangi ya mlango iliyobaki. Mimi alama za njia yetu nazijua zote. Kitambaa cha kijani cha sare ya kwaya ni cha mama mmoja Mluteri, na tangu afariki wanawe hawajakibadilisha.

Kila mita kumi unazopanda zinakula presha ya bar moja, na bomba jembamba likiwa refu linakula nyingine kwa msuguano. Kwa hiyo mchana, wakati watu wa bondeni wamefungua koki zao, kwetu juu hakuna kitu. Maji yanapanda usiku wa manane, bondeni wakishalala. Mama yangu alikuwa akiamka saa nane, anagonga dirisha la jirani, "Mama fulani, yanatoka," na huyo anagonga la mwenzake, na taa zinawaka kuelekea juu. Wanawake wa mlima huu wanajuana kwa sauti za usiku. Usipoamka, asubuhi utanunua ndoo kwa kijana wa kubeba, na bei inapanda kadiri unavyopanda.

Ukikaa barazani kwetu unaiona Capri Point ng'ambo ya ghuba, ambako kuna chanzo cha zamani cha maji ya jiji. Upande wa pili kuna Butimba, chanzo kipya, lita milioni 48 kwa siku. Ziwa lote hili liko mbele yako, unaliangalia ukiwa na ndoo tupu. Nimeona watu wakilia kwa hilo, na ninawaelewa.

Baba alikuja miaka ya sabini, kwa meli kutoka Nansio, akapata kazi ya kubeba mizigo bandarini. Alipata eneo Igogo kwa sababu hakuna aliyelitaka. Palikuwa na mwamba mmoja umekaa katikati kabisa ya mahali ambapo nyumba ilipaswa kuwa. Akauchoma. Kwa asiyejua, mwamba wa Mwanza huupasui kwa nyundo peke yake. Unapanga kuni na magurudumu chakavu juu ya ufa, unawasha, unaacha moto ule usiku kucha, na alfajiri jiwe linaanza kulia, linabanduka tabaka kwa tabaka, ndipo unaingiza tindo na nyundo. Alifanya hivyo kila alipokuwa na pesa ya kuni. Vipande vikubwa vikawa msingi, vya wastani vikawa ngazi za kushukia kwa jirani, na vidogo mama alivigonga kokoto akauza. Sebule yetu iko pale pale lilipokuwa jiwe, na jiwe lenyewe liko chini yake. Moshi wa magurudumu yale ulimharibia kifua. Alikohoa mpaka mwisho wake.

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Nilikuwa shule ya msingi. Baba na wenzake wa bandarini walikwenda kusaidia kubeba, na siku iliyofuata alinichukua mpaka uwanja wa Nyamagana ambako miili ilikuwa imelazwa ili watu watambue ndugu zao. Sijui kwa nini alinichukua na sikuwahi kumuuliza. Ninachokumbuka ni akina mama waliokuja wakiwa na kanga mpya, bado zimekunjwa za dukani, hawatafuti mtu yeyote. Wamekuja kuwafunika wasiofunikwa. Wasukuma, Wahindi, Wajita, Waarabu, kila mtu. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma. Baba aliporudi kutoka kule alimwambia mama, nikiwa nasikia: "Hawa wamezikwa na watu wasiowajua, na wamezikwa vizuri. Mimi mnizike Igoma."

Tulidhani ni uchungu wa siku zile. Alirudia kila mwaka.

Alipofariki, baba mdogo alivuka kutoka Nansio na wazee wawili wa ukoo. Walikuwa wamekuja kumchukua. Gharama za boti, jeneza, chakula cha msiba, ukoo ungebeba zote. Hawakuja na mikono mitupu, nao walikuwa na haki ya uchungu wao. Mama akasema marehemu alitaka Igoma. Baba mdogo akasimama katikati ya watu waliojaa barazani akasema, "Shemeji, mkataa kwao mtumwa. Mtamzika kaka yangu kwenye makaburi ya wasio na ndugu?" Barazani kukawa kimya. Aliyejibu hakuwa mama. Ni Mkurya mmoja, jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa akigombana na baba kila msimu wa mvua kwa sababu ya mfereji. Akasema, "Mzee, na sisi ni akina nani?"

Kushusha jeneza Igogo ni kazi. Kuna mahali njia inapita kati ya mawe mawili, mtu anapita kwa ubavu. Jeneza halikunji kona pale. Kwa hiyo vijana walipanda juu ya mawe yote mawili, wengine wakajipanga chini, na likapitishwa juu kwa juu, mikono kwa mikono. "Shika kichwa, shika kichwa!" "Miguu taratibu!" Mtu aliyeshika kona ya mbele alikuwa Mhaya muuza mitumba. Nyuma yake kijana wa Kijaluo anayekaanga samaki, halafu watoto wa yule Mkurya, halafu watu ambao sikujua hata majina yao ila nilijua milango yao. Baba mdogo alikuwa nyuma na wazee wake. Tulipofika kwenye lile finyu la mwisho, aliweka fimbo chini akaingia kwenye mstari. Hakusema neno. Lakini hajakubali. Mpaka leo akinipigia simu ya salamu, kabla hajakata ananiuliza lini nitamrudisha kaka yake nyumbani. Namjibu, "Baba mdogo, yuko nyumbani," na yeye anasema, "Haya."

Ninaheshimu kijiji. Nakwenda Ukerewe, nalima na binamu zangu, watoto wangu wanajua makaburi ya mababu zao yako wapi na nani ni nani. Sidai mtu aache asili yake. Lakini mji huu nao una asili, na asili yake ni watu waliofika. Wajerumani waliweka kituo chao hapa 1892, reli ikafika 1928, pamba ikashuka na dagaa wakapanda, na kila aliyeletwa na reli au meli alichonga kipande chake. Mwaka 2000 tukaitwa jiji. Nani alibeba saruji mpaka kilele cha Igogo, Mabatini na Isamilo? Hakuna gari linalofika kule. Kila mfuko ulipanda kwenye bega la mtu.

Ndiyo maana niliumia sana siku ambayo afisa mmoja kijana, kwenye mkutano wa hadhara, alituambia sisi wa milimani ni wavamizi. Mama yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Mtu akiambiwa hivyo mara ya kwanza anakasirika, lakini akiambiwa kwa miaka mingi anaanza kuishi kama mvamizi kweli: hapandi mti, hajengi mfereji, hachangii njia, pesa yake yote inapanda basi kwenda kujenga mahali ambapo hakuna atakayemwita hivyo. Sina shaka kwamba yule mzee wa Mkuyuni alifundishwa kupita. Hakuzaliwa anapita.

Halafu wakaja wapimaji wa urasimishaji, wa kutupimia viwanja tutambulike kisheria, na mambo niliyoyaona siku zile yamenikaa moyoni. Ili njia zipatikane, watu walitakiwa waachie sehemu ya walichojenga. Mtu anabomoa nusu ya baraza lake, mwingine anatoa banda la kuku, bibi mmoja alikata mwembe alioupanda yeye mwenyewe ili wagonjwa wapate pa kushushiwa. Walinung'unika sana. Walitoa. Wapimaji wakatoboa mwamba, wakasimika bikoni za mipaka kwa saruji, na jioni niliona wanaume wazima wamechuchumaa wanasoma namba ya bikoni yao kwa kuipapasa.

Na zipo siku tunasahau kwamba tunapita. Februari 2023 meli mpya, MV Mwanza, ya abiria 1,200, iliposhushwa majini pale bandari ya Mwanza Kusini, watu wa Igogo walikuwa juu ya mawe wanashangilia, kwa sababu kutoka kwetu unaiona yote. Watu walipiga vigelegele "meli yetu!" na kati yao alikuwemo mpangaji wangu anayehesabu miezi ya kurudi kwao Geita. Vilevile timu yetu ya mpira, Pamba, waliporudi Ligi Kuu 2024, baada ya zaidi ya miaka ishirini. Usiku ule barabara ya Kenyatta ilijaa watu wa kila kabila wakiimba timu yao. Hakuna aliyemuuliza mwenzake katokea wapi.

Sasa hivi tuna jambo mkononi. Tunataka kuachana na yale mabomba thelathini tupandishe moja la inchi mbili, la kuhimili bar kumi, mpaka kwenye tangi litakalokaa juu ya jiwe tambarare nyuma ya kanisa. Kutoka kwenye tangi maji yatashuka yenyewe kwa kila nyumba, mchana na usiku. Mamlaka ya maji wameshakuja kuangalia wakakubali. Ufundi natoa bure, na nimewachukua vijana watatu wa mtaa wajifunze humo humo. Iliyobaki ni michango, na hapo ndipo tunarudi kwenye swali lile lile. Wapo waliotoa siku ya kwanza. Wapo wanaosema wao wapangaji tu. Wapo wanaosema nyumba yao iko kijijini, na hao nakwenda kukaa nao mmoja mmoja, jioni, wakishakula. Siwagombezi. Namwambia mtu ahesabu amechota ndoo ngapi tangu afike hapa.

Kuna mama mmoja mjane, muuza dagaa, kila Desemba anafunga mizigo kurudi Sengerema moja kwa moja na kila Januari anarudi na kivuko cha Kamanga. Nilimwamkia, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, mimi ni wa kuondoka." Nikasema sawa mama. Kesho yake alimtuma mjukuu na elfu kumi, na ujumbe kwamba nyingine ataleta giza la mwezi likiingia na dagaa wakipatikana. Juzi amekuja mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa, amekasirika: amesikia koki ya pamoja itawekwa upande wa kanisa, na yeye magoti yake hayafiki kule. Anataka iwekwe kwenye kona ya mlango wake. Watu wa upande wa kanisa hawataki kusikia. Jumapili baada ya ibada tunakutana kuamua, na mimi nimeshapima pande zote mbili, bomba linatosha.